Mlango wa babu, sifa ya papa na kopo la vanishi

Najua nimepotea kidogo, wiki tatu nzima sijaandika kitu, na wengine mmeanza kuulizana kama niko salama. Niko salama Alhamdulillahi, kazi tu na joto la hapa Muscat ndilo linalotumaliza. Joto la huku si la kusimuliwa. Hapo Quriyat, mwendo wa saa moja hivi kutoka hapa, Juni 26 mwaka 2018 usiku mzima joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6! Huo ni usiku, sasa nyinyi pigeni hesabu ya mchana.

Leo nataka kuzungumza juu ya mlango. Kaka alinipigia simu juzi akaniambia mlango wa babu umeanza tena kumenyuka, na fundi anataka pesa ya kuupiga msasa na kuutia vanishi mpya kabla ya harusi ya mtoto wetu. Nikamwambia nipe siku chache nifikiri. Nimefikiri, na majibu yangu ni marefu kuliko ya simu, kwa hiyo nayaandika hapa ili kila mmoja asome, na Ami asomewe. Naomba msinichoke, kwa sababu itabidi nipitie mbali kidogo, mpaka Sur na mpaka Marekani, kabla sijarudi barazani kwetu.

Kwanza nianze na kosa langu, maana mimi ndiye niliyeanzisha. Mwaka 2011 nilinunua hapa makopo mawili ya vanishi ya kung'ara, ile ya bei, nikayatia kwenye mzigo uliokuwa unakuja Unguja. Nilijiona nimefanya la maana. Ami alisema wakati ule, "Mlango huu baba yenu alikuwa akiupaka mafuta, hakuwahi kuuvisha nailoni." Tukacheka. Mlango ukang'ara kama kioo, picha nikaletewa, nikawaonyesha watu kazini. Masika ya kwanza ikapita salama. Masika ya pili vanishi ikaanza kupasuka kule chini ambako jua la alasiri linapiga, maji yakaingia chini ya ile ngozi, mbao ikawa na mabaka meusi. Ndipo akaitwa fundi na mashine ya msasa. Mnajua wenyewe nini kilitokea kwenye kizingiti cha juu: yale maua mawili ya kushoto leo ukipitisha kidole huyasikii. Yaliyochongwa kwa patasi zaidi ya miaka mia yaliondoka kwa nusu saa. Hilo halimhusu fundi peke yake, kopo nilileta mimi.

Sasa basi, wazee wetu walikuwa wakifanya nini kabla ya makopo? Hapa ndipo historia inapoanza.

Bahari yetu hii tangu zamani imejaa vyombo vya mbao, na hakuna mbao inayoteseka kama ya chombo. Juu jua, chini chumvi, na ndani ya maji yuko mdudu anayetoboa mbao mpaka ikawa kama sega la nyuki. Vyombo vya kale vilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, havikupigwa misumari. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, kile cha safari za Bahari ya Eritrea, kinataja vyombo vya kushonwa kwenye pwani yetu, na hata ule mji wa Rhapta unaosemwa ulikuwa huku kwetu, jina lake linatokana na neno la kushona. Mitepe ya Lamu iliendelea na kazi hiyo hiyo hadi karne ya 20.

Chombo cha kushonwa hakitaki kitu kigumu juu yake, kwa sababu mbao zinacheza. Kinataka mafuta. Ibn Jubayr, msafiri kutoka Andalusia, alifika bandari ya Aydhab kwenye Bahari ya Shamu mwaka 1183 akiwa njiani kwenda Hija, akaandika jinsi watu wa pale walivyokuwa wakipaka vyombo vyao samli, au mafuta ya mbarika, au mafuta ya papa, na akasema ya papa ndiyo bora. Na akaeleza sababu: mafuta yanailainisha mbao, ikigonga mwamba inanyumbuka badala ya kuvunjika. Miaka mia moja hivi baadaye Marco Polo alipita Hormuz, yeye akavidharau kabisa vyombo vya huko, akasema ni vibaya, havipakwi lami bali mafuta ya samaki. Mmoja aliuliza kwa nini akapata jibu, mwengine alidharau akapita zake. Kabla yao wote, Abu Zayd wa Siraf katika karne ya 10 alikuwa ameshaandika kuwa mafuta ya nyangumi aliyetupwa pwani yalichanganywa na vitu vingine yakapakwa kwenye viungo vya mbao za meli.

Hayo mafuta ya papa ndiyo sisi tunayaita sifa. Wale waliokulia karibu na bandari ya Malindi hawahitaji kuelezwa. Maini ya papa yanatiwa kwenye pipa, yanaachwa juani yayeyuke au yanachemshwa, na harufu yake inakufuata mpaka nyumbani, mama anakuuliza ulikuwa wapi kabla hujafungua mdomo. Juu ya maji chombo kilipakwa sifa. Chini ya maji kilipakwa shahamu, yaani mafuta ya mnyama yaliyopondwa pamoja na chokaa mpaka yakawa kama unga wa chapati uliokandwa, yakapakwa kwa mikono. Alan Villiers, Mwaustralia aliyesafiri na jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939 mpaka Zanzibar na Rufiji kuchukua boriti, aliwakuta mabaharia wanafanya hivyo hivyo.

Mwaka jana nilikwenda Sur na jamaa wa kazini. Pale kuna jahazi liitwalo Fath al-Khair, limejengwa hapo hapo Sur mwaka 1951, likauzwa nje, na mwaka 1993 likarudishwa kutoka Yemen ili lihifadhiwe. Nilipokuwa naliangalia, mzee mmoja aliyekaa kivulini akanisikia naongea na simu kwa Kiswahili. Akaniita kwa Kiswahili safi, cha kizamani kuliko changu! Mnajua watu wa Sur na Unguja ni kama pua na mdomo. Nikamuuliza habari za kupaka mbao. Akasema, "Mwanangu, sifa hupaki mara moja ukamaliza. Unapaka kila safari. Mbao ni kama mtu, hashibi kwa chakula cha mwaka jana." Nikamuuliza na milango ya nyumba je? Akasema nyumbani kwao walipaka simsim, kwa sababu sifa nani ataivumilia mlangoni.

Huku Oman wamejaribu tena mambo hayo ya kale kwa vitendo. Mwaka 1980 pale Sur Tim Severin alijenga chombo cha kushonwa kiitwacho Sohar, kikaondoka Muscat Novemba ile na kufika Canton, Uchina, mwaka 1981. Mwaka 2010 kingine kiitwacho Jewel of Muscat, kilichojengwa Qantab kwa mfano wa meli ya karne ya 9 iliyokutwa chini ya bahari karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, mwaka 1998, kilisafiri kutoka Muscat Februari na kufika Singapore Julai. Mbao zake zilitoka Ghana, mti wa ukoo mmoja na mbambakofi wetu, kwa sababu ndiyo mbao iliyoonekana kwenye ile meli ya kale. Na tumbo lake lilipakwa mafuta ya mnyama na chokaa. Karne ya 21 hii, ndugu zangu, na bado shahamu!

Haya, sasa vanishi ilitoka wapi? Hapa mtashangaa, kwa sababu ilitoka kwetu.

Vanishi za zamani za Ulaya na Marekani zilitengenezwa kwa utomvu wa miti uliokauka. Utomvu uliosifiwa kuliko yote kwa ugumu ni sandarusi ya Zanzibar. Inaitwa ya Zanzibar kwa kuwa iliuzwa Zanzibar, lakini nyingi ilichimbwa Mrima, pwani ya Bara iliyotukabili. Msandarusi unatoa utomvu, unadondoka, unafukiwa, miti yenyewe inakufa na kusahaulika, na utomvu unabaki ardhini karne kwa karne ukizidi kuwa mgumu. Watu waliuchimba kwa majembe baada ya mvua kuilainisha ardhi. Ukioshwa ulionekana una vipele vidogo vidogo kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa, na kwa vipele hivyo mnunuzi aliijua sandarusi ya kweli. Ule utomvu mbichi unaotoka kwenye mti ulio hai uliitwa chakazi, nao haukuwa na thamani hiyo. Richard Burton aliyepita huko mwaka 1857 aliandika kuwa wafanyabiashara wa Kizungu walilipotosha neno chakazi likawa "jackass", yaani punda! Wakawa wanauza "sandarusi ya punda" bila kujua kuwa ni Kiswahili.

Wanunuzi wakubwa walikuwa Wamarekani wa mji wa Salem, Massachusetts. Sayyid Said alitia saini mkataba na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 balozi wao mdogo, Richard Waters, akafika Unguja. Walileta kitambaa, ndiyo hiyo merikani mnayoijua mpaka leo, wakachukua pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Kule Salem kulikuwa na kiwanda cha kuiosha sandarusi. Kisha iliyeyushwa kwenye masufuria makubwa kwa moto mkali sana, ikatiwa mafuta ya mbegu za kitani yaliyo moto, ikapunguzwa kwa tapentaini, ikawa vanishi ya kupaka magari ya farasi ya matajiri na vyombo vya nyumbani.

Kwa hiyo lile gari la farasi lililong'ara London au Boston, mng'aro wake huenda ulichimbwa na mtu mwenye jembe nyuma ya Bagamoyo, aliyelipwa vipande vya merikani. Mimi nilipolijua hili nilikaa kimya muda. Tumeuza mng'aro, na leo tunatuma pesa kuununua ndani ya kopo.

Lakini kopo la leo halina sandarusi tena. Leo Baekeland alitangaza bakelite mwaka 1909, na kutoka hapo viwanda vikajifunza kutengeneza utomvu bandia. Miaka ya 1920 zikaja rangi za magari za kukauka kwa masaa badala ya majuma, na mwaka 1937 Otto Bayer wa Ujerumani akagundua poliyurethini, ambayo ndiyo imo kwenye makopo mengi ya vanishi ya kung'ara tunayonunua. Biashara ya sandarusi ikafifia.

Sasa tazameni tofauti. Vanishi ilizaliwa kwenye nchi za mawingu, ikapakwa kwenye vitu vinavyolazwa ndani ya banda au sebuleni. Kazi yake ni kuivika mbao ngozi. Sifa na simsim zilizaliwa juani, kazi yake ni kuingia ndani ya mbao. Na jua letu lina tabia moja mbaya: mionzi yake ya urujuanimno inapenya vanishi isiyo na rangi kama inavyopenya kioo cha dirisha, inafika kwenye mbao na kuivunja lignini, ambayo ndiyo gundi inayoshika nyuzi za mbao. Kwa hiyo vanishi inabaki nzima juu, lakini kile ilichokishikilia chini yake kimekufa. Hapo mbao inavimba kwa mvua, inasinyaa kwa jua, ngozi ngumu haiwezi kuifuata, inapasuka. Maji yanaingia, yanashindwa kutoka. Ndiyo maana vanishi ya wazi kwenye jua kali mara nyingi haimalizi miaka miwili. Na ikishapasuka huwezi kuongeza juu yake, lazima uibandue yote. Kwenye ubao wa meza si neno. Kwenye mlango uliochongwa kila kubandua ni kupoteza ua moja.

Mafuta nayo yana udhaifu wake, sitaki kuwadanganya. Yanapauka mapema, lazima yarudiwe. Lakini yanapauka kwa upole, unafuta vumbi na kupaka tena, hakuna msasa. Na mbao isiyopakwa kitu kabisa haifi kesho: inageuka kijivu, na watafiti wanasema mbao laini ikiachwa nje inaliwa juu juu kama milimita 6 kwa miaka 100. Msaji wa mlango wetu ni mgumu zaidi na una mafuta yake wenyewe. Maana yake ni kwamba jua la miaka yote hiyo halikufanya uharibifu uliofanywa na mashine ya msasa kwa nusu saa. Kwa hiyo tusiwe na haraka.

Basi mapendekezo yangu ni haya, na Ami ndiye mwenye neno la mwisho.

Mafuta ya nazi tusipake, hata kama yako tele. Hayakauki, yanashika vumbi na kuchacha. Oili chafu ya gari ndiyo kabisa, hiyo waachieni wenye nguzo za uzio. Mafuta ya linsidi, yaani ya kitani, yanakauka vizuri na huku kwenye ukavu wa Muscat yanafaa, lakini Unguja kuna jua na unyevu pamoja, na yakipakwa peke yake yanaota kuvu, mlango unakuwa mweusi. Kinachofaa ni mafuta ya mbao za nje ya kuingia ndani, yenye dawa ya kuvu na yenye rangi kidogo ya udongo mwekundu au kahawia. Rangi hiyo si urembo. Chembe zake ndizo zinazolizuia jua lisifike kwenye mbao, ndizo zinazofanya kazi ya kanga kichwani. Mlango utakuwa mweusi mweusi kidogo kuliko mlivyozoea, na hautang'ara. Najua bibi harusi atataka ung'are kwenye picha. Mwambieni misumari ya shaba tutaisugua kwa ndimu, hiyo itang'ara ya kutosha.

Vanishi iliyobaki itolewe kwa mkono, kwa kikwaruzo na brashi laini, taratibu, bila mashine hata kidogo. Kazi hiyo itachukua siku nyingi, na malipo ya siku za fundi nitatuma mimi. Isifanywe kwenye masika. Ifanywe wakati wa kusi, mvua zikishakatika na mbao imekauka. Mafuta yapakwe membamba, yanayobaki juu yafutwe kwa kitambaa, siku ya pili tena. Na vitambaa hivyo msivikunje mkavitupa kwenye pembe: vitambaa vyenye mafuta ya aina hiyo vinaweza kujiwasha moto wenyewe. Vianikeni nje vikauke au vitieni kwenye ndoo ya maji. Baada ya hapo kila mwaka kusi ikiingia mtu mmoja apake tena, kazi ya asubuhi moja. Nadhani watoto waifanye wao, Ami akae barazani akiwaelekeza.

Yale maua mawili ya kizingiti tusiyachonge upya. Kaka amesema fundi anaweza kuyarudisha. Anaweza kuchonga maua, lakini yale hayawezi kuyarudisha. Yabaki hivyo hivyo.

Na mwisho, Ami, hili ni lako. Ulisema kweli mwaka 2011 na sisi tukacheka, mimi nikicheka zaidi kwa kuwa nilikuwa ndiyo kwanza nimepata kazi ya Uarabuni na nikidhani kila kilicho kwenye kopo la huku ni bora. Imenichukua vitabu, safari ya Sur na mzee wa watu kivulini kufika pale ulipokuwa umekaa tayari na kikombe chako cha kahawa. Nisamehe. Nikija Inshallah nataka unionyeshe baba yenu alikuwa akianzia wapi kupaka, juu au chini, maana hilo sijalikuta kwenye kitabu chochote.

Kaka, pesa nitatuma mwisho wa mwezi. Usimruhusu mtu yeyote na mashine mlangoni mpaka tuzungumze.

Nawasalimu nyote, wa nyumbani na majirani. Wasalaam.